Vibuyu Kwenye Meza ya Jerusa

Kapsoit kuna ugonjwa usio na dawa katika duka lolote la Kericho, nao ni ugonjwa wa uenyekiti. Watu watatu wakikutana kunywa chai, kabla vikombe havijapoa wameshachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na sasa wanatafuta wanachama. Jerusa Adongo, mwenye hoteli ndogo ya chapati kando ya barabara ya Kisumu, alikuwa ameona vikundi vinne vikizaliwa na kufa juu ya meza zake. Cha kuku kiliuawa na uchaguzi. Cha viazi vitamu na cha nyuki havikufika hata kwenye uchaguzi. Cha kukodisha mahema ya harusi ndicho kilichojitahidi: kiliandika katiba, katiba ikawagawanya watu, na hema moja walilonunua likabaki kwa mwenyekiti, ambaye mpaka leo hulitumia kuanikia mahindi.

Kwa hiyo Nelvine alipoingia hotelini na begi lake la mgongoni lililojaa kalamu nene za rangi, akasema ametumwa na mradi fulani kuwaunganisha watu wa Kericho na Bomet wafanye biashara pamoja, Jerusa alimwekea chai na kumwonea huruma.

"Dada, umechelewa," alimwambia. "Hapa tumeshaanzisha kila kitu. Kilichobaki ni kumaliza."

"Kikundi hiki hakina mwenyekiti," Nelvine akasema.

Jerusa akaacha kupangusa meza. "Hakina mwenyekiti? Sasa tutamlaumu nani?"

Alicheka, lakini alivuta kiti akaketi, maana alikuwa na sababu ya kusikiliza. Hoteli yake ilikuwa imelelewa na wachuma chai. Kwa miaka mingi walimiminika mchana na vidole vyeusi kwa utomvu, wakala chapati na maharagwe, wakataniana kwa lugha tatu, wakarudi shambani. Kisha zikaja mashine za kuchuma. Mashine hufanya kazi ya watu wengi na haijawahi kuagiza chapati. Wachumaji wakapungua, milango ya laini, zile nyumba za wachumaji, ikafungwa mmoja mmoja, na Jerusa akawa kila wiki anakanda unga kidogo kuliko wiki iliyopita.

Halafu kulikuwa na Owiti. Mume wa Jerusa, Oketch, alikuwa fundi kiwandani. Alipofariki alizikwa kwao Siaya, mbele ya nyumba ya bati aliyokuwa ameijenga. Owiti, mdogo wake marehemu, alikuwa mtu mwema ambaye wema wake ulikuwa hauna likizo. Alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa.

"Shemeji, nyumba ya ndugu yangu inaota nyasi. Unang'ang'ania nini huko kwa watu? Mkataa kwao mtumwa."

Siaya Jerusa aliijua kwa matanga na Krismasi tu. Kuzaliwa alizaliwa hapa, kwenye laini, baba yake akiwa mchumaji. Ukungu wa asubuhi juu ya majani ya chai ndio uliomfundisha kuvaa sweta. Lakini hoteli tupu haina mdomo wa kukutetea. Mwishowe alimkubalia: Kepher, mwanawe, akifunga shule Agosti na mambo yangali hivi, basi Owiti aje na gari achukue sufuria, meza na mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuwa akilala vizuri, ingawa mbele za watu alijikaza kisabuni.

Mkutano wa kwanza ulifanyika hotelini kwake, Juni, alasiri ya mvua. Walikuja wa Kapsoit na walikuja wa Ndanai, huko Sotik upande wa Bomet, wakiongozwa na mama mmoja mfugaji aitwaye Chepkemboi, mwembamba, asiyepoteza maneno. Alikuja pia Mwalimu Kipyegon, mkuu wa shule mstaafu, na koti lake la vifungo vitatu. Huyu Mwalimu alikuwa amekuwa mwenyekiti, wa kuchaguliwa au wa muda, wa vile vikundi vyote vinne vilivyokufa. Alikwenda moja kwa moja kuketi mbele, akaomba dua mpaka chai ikafanya utando, kisha akakohoa.

"Sasa wapendwa, kabla ya yote, tuchague viongozi wa muda. Manahodha wengi chombo huenda mrama."

"Mwalimu, leo hakuna nahodha," Nelvine akasema kwa heshima. "Tuna maswali tu. La kwanza: kila mtu aseme ana nini tayari mkononi. Si kile anataka serikali imletee. Kile ako nacho."

Watu wa mikutano wamezoea kuulizwa wanahitaji nini, na hapo huweza kuongea mpaka kesho. Kuulizwa una nini ni kama kuulizwa umri. Mwishowe Chepkemboi akainua mkono nusu.

"Mimi niko na maziwa ya jioni," akasema. "Gari ya maziwa inakuja asubuhi peke yake. Ya jioni tunakunywa, ndama wanakunywa, ingine tunaweka kwa vibuyu inakuwa mursik. Na bado inabaki."

"Mimi Jumamosi napeleka kabichi Kisumu," akasema Kipngeno, kijana wa pikapu, naye wa Ndanai. "Napita hapa hapa. Na mbele kwa kiti kuna nafasi."

"Mimi nina hoteli isiyo na watu," akasema Jerusa, na watu wakacheka kwa sababu alisema kama mtu anayejisifia shamba.

Ikafika zamu ya Mwalimu Kipyegon. "Mimi nina uzoefu wa miaka mingi wa uongozi."

"Na kingine?" Nelvine akauliza.

Mwalimu akatazama dari. Jerusa alimwonea imani. Mzee alikuwa kama mtu aliyevuliwa koti kwenye baridi. "Basi nina sauti," akasema hatimaye, na hiyo hakuna aliyeipinga.

Swali la pili lilikuwa, tukiunganisha hivi vitu tunaweza kupata nini? Walitaja mengi, kutoka kiwanda cha maziwa hadi ndege ya mizigo. La tatu likawashusha chini: katika hayo, lipi dogo tunaweza kulijaribu kabla hatujakutana tena mwezi ujao, na nani atafanya nini? Kila mtu aahidi lake tu, asimwahidie jirani. Ndipo likapatikana: Jumamosi moja, mursik ya Ndanai na ugali wa wimbi kwa mboga ya managu, hapo kwa Jerusa, kwa wasafiri wa barabara ya Kisumu. Chepkemboi na wenzake wangeleta vibuyu. Kipngeno angebeba. Jerusa angepika na kuuza. Ilikuwa kazi ndogo hata ikawaaibisha kidogo.

"Naunga mkono," akasema Mwalimu Kipyegon, ingawa hakukuwa na hoja yoyote mezani.

Siku ilipofika, Kipngeno aliteremsha vibuyu vitano alfajiri, kila kimoja na mkanda wake wa ngozi na shanga zake shingoni, akaenda zake na kabichi. Jerusa alivitazama akaona shida ya mwenye hoteli: midomo myembamba, kumimina polepole, wateja hawasubiri. Akafikiri jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka hushika mdomo. Alichukua ndoo nyeupe mpya, akaisuuza kwa maji moto, akamimina vyote vitano humo, akakoroga kwa mwiko. Ikawa ndoo moja nzuri iliyojaa hadi juu. Aliitazama kwa furaha ya kweli. Huku ndiko kushirikiana, alijiambia, vya watu watano vimekuwa kimoja.

Mteja wa kwanza, dereva wa lori, alikunywa funda moja akaliangalia gilasi kama lililomtukana. Wa pili aliuliza kama kuna soda. Kufikia saa nne ndoo ilikuwa imejitenga, maji juu na mabonge chini, na Jerusa alikuwa akikoroga kwa bidii ya mtu anayejua mambo yameenda segemnege. Wakati huo akashuka Chepkemboi kwenye matatu, kitambaa kipya kichwani, na nyuma yake Kogo Chepyegon, nyanya wa boma la pili, waliotoka Ndanai kuja kuona mursik yao ikinywewa na ulimwengu.

Chepkemboi aliinama juu ya ndoo.

"Ni ya nani hii?"

"Ni yetu sisi wote!" Jerusa akasema. "Si ndio kushirikiana?"

Kogo Chepyegon alichovya kidole, akaonja, akasema neno moja la Kikipsigis ambalo Jerusa, mtoto wa laini, alilielewa vizuri na hakulitafsiri kwa mtu. Chepkemboi alikwenda pale vibuyu vilipokuwa vimeegemezwa ukutani, vitupu, akachukua chake akakipangusa mdomo kwa ncha ya leso. Jerusa alimkaribisha chai. Chepkemboi akasema asante, wana haraka. Mwanamke wa Kikipsigis akikataa chai yako, ujue kosa lako si la kusuluhishwa kwa kikombe. Wakavuka barabara na vibuyu vyao vitano, nyanya mbele, na Jerusa akabaki na ndoo.

Jumapili Owiti alipopiga simu, hakumaliza hata salamu. "Kuja tu, shemeji," Jerusa alimwambia. "Ile Jumamosi Kepher anafunga shule. Kuja na kamba."

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi na mzito. Chepkemboi hakuja. Mwalimu Kipyegon alipendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza suala la ndoo, na yeye, kama watu wangemlazimisha, angekubali kuiongoza. Nelvine alitikisa kichwa.

"Hatutafuti nani amekosa," akasema. "Tulijaribu kitu. Tumejifunza nini, na mwezi huu nani atafanya nini tofauti?"

Wakatazamana. Jerusa alikuwa amekuja na hotuba ya kuaga, ameifanyia mazoezi akichambua mchele. Badala yake akasikia mdomo wake ukisema, "Mimi nitaenda Ndanai." Ndilo jambo pekee aliloweza kuliahidi bila kumtegemea mtu.

Alikwenda siku ya pili yake na nusu gunia la unga wa wimbi, maana kwenda kuomba msamaha mikono mitupu ni kuongeza kosa. Chepkemboi alimkaribisha, akampa kigoda nyuma ya nyumba, akaendelea na kazi. Alikuwa ameketi mbele ya jiko la makaa, akichoma kijiti cha mti wa senetwet hadi kikawa chekundu, kisha akakitia ndani ya kibuyu kikavu na kusugua kuta zake kwa unga wake wa mkaa, polepole, akinusa kila mara. Moshi ulikuwa mtamu. Jerusa aliutambua, ulikuwemo ndani ya ndoo, umefunikwa na harufu nyingine nne.

"Mama Chebet, nimekosa," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Nilidhani maziwa ni maziwa."

Chepkemboi alipuliza majivu. "Kogo anaweka yake mpaka inakuwa kali kama kiboko. Hiyo ndio anapenda, hata mzee wake alikuwa anapenda hivyo. Mimi yangu naweka siku chache, inakuwa laini. Jirani anatumia mti ingine kabisa. Ukichanganya, hakuna mtu ako ndani." Akakipindua kibuyu, akakipiga kofi chini kikatoa unga mweusi. "Hii mama yangu alinipa nikiolewa. Kila nyumba iko na yake. Mtu akikunywa, anajua amefika kwa nani."

Jerusa akasema walichohitaji labda ni meza na si ndoo. Vibuyu vipangwe vitano, kila kimoja na jina la mwenyewe, mteja achague, aonje, arudie.

"Na wakipenda ya Kogo kuliko yangu?"

"Utalia kidogo, halafu utakuja kunywa chai."

Chepkemboi akacheka kwa mara ya kwanza, akifunika meno kwa mkono wenye mkaa, na akajipaka masharubu asiyajue. Jerusa naye hakumwambia. Akacheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kurudi, ikabidi aseme yote: kuhusu Owiti, kamba, nyumba ya bati, na kwamba Jumamosi ya mwezi ujao, Kepher akifunga shule, ndiyo yake ya mwisho Kapsoit. Huko Siaya ataitwa mke wa marehemu, na hapa ni Jerusa tu. Na hapa ndipo anapojua jua linapochomoza. "Lakini Owiti anasema ukweli," akamaliza. "Mimi hapa sina kwangu. Niko na hoteli peke yake."

Chepkemboi hakumfariji. Aliuliza tu ni Jumamosi gani, akasema vibuyu vitakuja siku hiyo hiyo.

Siku yenyewe ukungu uliondoka mapema. Jerusa alitoa meza ndefu hadi ukingoni mwa barabara, akatandika kitambaa, na vibuyu vikapangwa, shanga zikiangalia barabarani. Mwalimu Kipyegon alifika na koti lake. Hakuna aliyempangia kazi. Alisimama kando ya meza, akavitazama vile vibuyu kama wageni rasmi wasio na mtu wa kuwakaribisha, na sauti yake ikajua la kufanya.

"Mabibi na mabwana! Wa kwanza kushoto kwenu, kutoka nyumba ya Mama Chebet, Ndanai: mpole, msafi, hana makuu! Anayefuata ni Kogo Chepyegon. Kogo si wa mchezo! Kama una moyo mdogo, mruke!"

Basi la Kisumu lilikuwa limesimama kuteremsha mtu mmoja, wakateremka wengi. Watu wakiambiwa wasionje kitu wataonja. Mmoja akasema ya Kogo ndiyo mursik ya kweli, mwenzake akasema hiyo ni adhabu, mwanamume akasema ya kibuyu cha tatu imemkumbusha nyanya yake wa Litein, akataka kujua mwenyewe ni nani na kama ana undugu naye. Ubishi ulipamba moto. Ubishi unahitaji ugali, na ugali ulikuwepo. Watu wa Kapsoit waliposikia kelele walikuja kutazama ni nani anapigwa, wakabaki kula. Chepkemboi alikuwa amesimama nyuma ya kibuyu chake, mikono imefungwa, akimtazama kila anayemeza. Kogo alikuwa ameketi, hana wasiwasi wowote.

Owiti aliwasili katikati ya haya na pikapu ya kukodi, kamba imetandikwa nyuma, Kepher na sanduku lake la shule kando yake. Alitafuta mahali pa kuegesha, hakupata. Alitafuta mahali pa kuketi, hakupata.

"Shemeji!" akaita juu ya vichwa vya watu. "Nianze kubeba nini?"

Jerusa alikuwa na sahani nne mkononi. "Beba hiyo benchi ya ndani!"

Owiti akaibeba kishujaa, akaelekea nayo kwenye gari.

"Unaenda wapi nayo? Leta hapa, watu wa Kisumu wamesimama!"

Akaileta. Baada ya benchi akabeba meza, kisha maji, kisha sufuria ya managu, na alipokuja kushtuka alikuwa amefunga aproni ya maua na mtu anamwita "Weita!" Alijaribu kukumbusha jambo la safari mara moja au mbili. Kila alipofungua mdomo, alipewa sahani.

Jua lilipoanza kupoa na vibuyu vikawa vyepesi, waliketi wote kuzunguka meza ile ndefu. Kipngeno alikuwa amerudi kutoka Kisumu. Chepkemboi alikwenda kwenye pikapu ya Kipngeno, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso, akakiweka mbele ya Jerusa akakifungua. Kilikuwa kibuyu cha sita. Kipya, rangi yake bado ya manjano, mkanda wa ngozi haujalainika, shanga za buluu shingoni.

"Ni ya nani hii?" Owiti akauliza.

"Ni ya nyumba hii," Chepkemboi akasema. Kisha akamgeukia Jerusa. "Bado haijui kitu. Utaifundisha wewe, na mti ile utachagua. Kogo ndio alitafuta shanga. Anasema usiweke kwa ndoo."

Watu wakacheka sana. Jerusa hakucheka. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka mapajani, na uso wake ukamshinda mbele ya kila mtu, na hakujali. Owiti alimtazama shemejiye. Alikitazama kibuyu, akaitazama milango ya hoteli iliyo wazi na Kepher akipangusa meza kama mtu aliye kwao. Methali yake ilikuwa imemfika mdomoni, akaimeza pamoja na mursik iliyobaki gilasini.

Nelvine akafungua kalamu yake, kwa sababu kazi ni kazi. "Haya. Kabla hatujakutana tena mwezi ujao, nani atafanya nini?"

Kipngeno akasema ataongea na dereva mwenzake wa njia ya Nakuru. Kogo akasema ataongeza kibuyu kimoja cha kali. Chepkemboi akasema, kwa shida kidogo, kwamba atauliza Kogo anawekaje yake. Ikafika zamu ya Jerusa, na wote wakamgeukia, maana mpaka hapo hakuna aliyekuwa amethubutu kumwuliza.

"Mimi," akasema, "nitaosha kibuyu changu."

"Naunga mkono!" Mwalimu Kipyegon akanguruma.

Owiti alivua aproni akaikunja vizuri. Kisha akainuka, akaenda kwenye gari, akaanza kuikunja kamba ambayo haikufunga hata kigoda.